Manowari Yenye Nafasi ya Mshono

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kushoto limepunguza kelele zake. Sisi huku ni wazima kupita kiasi. Nasema sisi kwa sababu tangu nioe nimesahau kabisa namna ya kusema mimi. Mteja akiniuliza, "Fundi, suruali yangu iko tayari?" namjibu, "Bado tunaishona," naye anachungulia nyuma ya cherehani kumtafuta huyo mwenzangu.

Chumba chetu ni kimoja, kina dirisha moja na kitanda kinacholia kama mlango. Mke wangu ameweka meza yake ya kutengenezea redio pale dirishani. Asubuhi akifungua redio ya mtu kwa bisibisi, ncha ya ulimi ikitokeza pembeni mwa mdomo, mimi nasimama na kikombe mkononi mpaka chai inapoa. Jana akaniambia, "Utachelewa dukani." Nikamjibu kwamba nimeshachelewa miaka ishirini na sita, yaani ile yote niliyoishi kabla sijamjua. Akanirushia kitambaa cha kufutia vumbi. Nimekikunja, nimekiweka mfukoni, na naandika barua hii kikiwa papo hapo.

Mama mkwe hajambo. Baba mkwe hajambo sana, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Baba mkwe ni mpima ardhi mstaafu. Kila Jumapili yeye na wazee wenzake hukutana kwenye bwawa la kiwanda cha zamani kuendesha meli ndogo kwa rimoti. Si meli za madukani. Wanaziunda wenyewe, na karibu zote ni manowari, zenye mizinga midogo na bendera. Mke wangu amekulia kwenye bwawa lile, akiwafungia nyaya zao. Sasa kipindi kile cha uchumba, katika kutafuta la kusema, nilimwambia kwamba na mimi naunda manowari tangu utotoni. Shangazi, unanijua. Tangu utotoni nimeunda kibao kimoja cha kuketia, na bado kina deni la mguu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba mkwe mpya anatakiwa aingize meli yake majini, wazee wote wakiangalia. Nina miezi sita. Nakuomba unisaidie kuchagua: anayeanza kabisa aanze na manowari gani? Mimi moyo wangu uko kwenye ile kubwa yenye mizinga tisa, mita moja na nusu kwa urefu. Nahisi mapenzi niliyonayo hayawezi kuingia kwenye kitu kidogo. Wewe uliishi na meli za marehemu mumeo miaka yote ile, lazima yapo uliyoyaona kwa macho ukayashika. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao,
Sindano


27 Februari

Sindano,

Marahaba. Goti liko palepale. Paka amezaa chini ya kabati, watoto watatu, hakuna anayefanana naye. Jirani amebomoa ukuta akajenga uleule.

Nafurahi umempata mke unayempenda. Mpunguzie kumtazama, atashindwa kufanya kazi.

Mizinga tisa acha. Meli ya mita moja na nusu inataka watu wawili kuibeba, gari la kuipeleka bwawani, na mtu mmoja mwenye akili, ambaye sijaona umemtaja. Iliyo ndogo sana nayo acha, kwa sababu haibebi kitu. Utaweka betri, nayo itakunywa maji. Chagua boti ya doria. Sentimita themanini hivi, pana, yenye mwili mnene upande wa chini na vitu vichache upande wa juu. Mota moja, propela moja, usukani mmoja. Kila kitu kizito kiwe chini kabisa. Acha mfuniko mkubwa kwenye sitaha, mkono wako wote uingie mpaka kiwiko, maana kitakachoharibika kitaharibikia mbali. Nimekufungia ramani ya moja niijuayo. Ifuate ilivyo.

Hizo ndefu nyembamba za kufukuzia nyambizi usizisogelee. Zinapendeza kwenye karatasi. Kwenye maji upepo mdogo tu unazilaza ubavu.

Jambo moja sijaelewa. Binti wa watu amekulia bwawani, anazijua meli. Alikuaminije kwa maneno matupu?

Shangazi


19 Machi

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo tena na tena. Hongera kwa paka. Mke wangu amecheka sana habari ya ukuta, na akicheka hufunga jicho moja, sijui kama nimeshakueleza. Wiki iliyopita aliumwa mafua siku mbili. Nilifunga duka nikakaa kitandani kumsomea maelezo ya dawa, pande zote mbili za karatasi, pamoja na anwani ya kiwanda. Amepona, anasema ni kwa ajili ya kukimbia sauti yangu.

Ramani imefika. Nashukuru mno. Sasa nitakuambia jambo, na ukimaliza kulisoma unaweza kupumzika kidogo kabla ya kuendelea.

Nilianza na nyembamba.

Niliiona ramani yake kwa mzee mmoja anayeuza vitabu chakavu. Nikaona ile pua iliyochongoka na kile kiuno, nikamwona mke wangu anavyopita sokoni watu wakimpisha. Nikasema, ramani ya Shangazi ni ya watu wa kawaida, mimi nina mapenzi. Nikachonga ya majaribio kwa yale mapovu meupe magumu yanayofungiwa televisheni. Nikaipaka rangi ya kijivu. Nikaiweka kwenye beseni kubwa la kufulia, nikachukua hatua moja nyuma ili niifurahie.

Ililala ubavu kabla sijamaliza hatua. Nikaisimamisha. Ikalala upande wa pili, kama mtu anayetafuta usingizi. Nikaipigilia misumari tumboni iwe nzito, ikazama kwa pua. Na ile rangi nayo ikaanza kula mapovu, Shangazi, ikawa inayeyuka huku inazama. Mke wangu akaingia akanikuta nimelowa mpaka kifuani. "Unafua nini?" Nikasema shati. "Lipi?" Nikasema hili nililovaa. Akaniangalia, akatoka.

Kwa hiyo nimerudi kwenye boti yako ya doria kwa heshima zote. Naiundia dukani, kwenye kile chumba kidogo cha wateja kujaribia nguo, nyuma ya pazia. Wateja wa kike wananiuliza kwa nini siku hizi wanajaribia nguo stoo. Nawaambia kioo kimepelekwa kwa fundi.

Mke wangu kila siku anauliza, "Nikufungie nyaya lini?" Namwambia hapana, nataka nikushtue. Anasema sawa, lakini kuna jinsi anavyosema sawa.

Kwa marehemu ilikuwaje kwenye usukani, aliupitisha kwanza au alifunga propela kwanza? Najua alikuwa na mikono ya dhahabu.

Sindano wako


10 Aprili

Sindano,

Marahaba. Nimewagawa paka wawili, amebaki mmoja mkorofi. Mvua ni nyingi, paa la jikoni linavuja sehemu moja, nimeweka ndoo.

Propela kwanza, halafu usukani. Bomba la mhimili wa propela lijaze grisi nzito, vinginevyo maji yatapita humo humo taratibu na wewe utakuwa unatafuta tundu mahali pengine. Nyaya mwachie mkeo. Sijui unachokificha hapo ni nini, lakini mtu anayejua waya akikuomba waya, mpe.

Ukimaliza kusimamisha mbavu zote za meli, pima upana pale katikati uniandikie. Inatakiwa iwe sentimita kumi na nane kamili.

Hukunijibu nilichokuuliza.

Shangazi


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimemshonea mke wangu gauni la rangi ya machungwa ambalo halikuombwa na mtu. Analivaa akitengeneza redio, na wateja wake wameongezeka, jambo ambalo sijalipenda moja kwa moja.

Nimepima. Sentimita ishirini na moja.

Nilipima mara tatu kwa futi kamba, kisha nikapima futi kamba yenyewe kwa rula. Nikakaa chini. Halafu nikakumbuka, na nitakueleza polepole kwa sababu hata kuandika naona haya. Ramani ile ina umbo la kila ubavu, umechorwa mstari mweusi wa kukatia. Mimi kila umbo nililiweka juu ya plaiwudi, nikachukua chaki, nikaongeza sentimita moja na nusu kila upande kabla ya kukata. Mbavu zote kumi na mbili. Na sitaha. Kwa mkono uliotulia kabisa, huku napiga mluzi.

Niliacha nafasi ya mshono, Shangazi. Nimefanya kazi hii miaka tisa, hakuna kitambaa nilichokikata kwenye mstari. Niliona tu mchoraji wa ramani amesahau kuiweka, nikamhurumia, nikamwekea. Sasa nina manowari ambayo mwenyewe akinenepa anaweza kuifungulia kidogo pembeni.

Na kwa kuwa nimeshaona haya, acha niyamalize yote kwa siku moja. Uliniuliza mke wangu aliniaminije. Kuna ile picha uliyonipiga nilipokutembelea, nimeshika ile manowari ya kijivu yenye mstari mwekundu. Nilimtumia hiyo. Nikaandika nyuma yake, "Mimi na kazi ya mikono yangu." Baba mkwe aliipenda hata akaikuza, ameitundika kwenye kibanda chao pale bwawani. Nilijiambia marehemu hatakasirika, amelala, na mimi ni kama mwanawe.

Sasa imebaki karibu miezi mitatu, na nilichonacho nyuma ya pazia ni kibonge. Nakuomba kitu kimoja cha mwisho. Yupo dereva wa lori anayekuja huku kila mwezi, ni mtu mwangalifu, anasafirisha vioo. Nitumie ile ya marehemu kwa Jumapili moja tu. Nitairudisha bila mkwaruzo. Mke wangu akijua sasa hivi kwamba nilimdanganya, sijui ataniangalia vipi, na Shangazi, mimi naishi kwa jinsi anavyoniangalia.

Sindano


5 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita sijaona jibu. Dereva wa lori anasema alifika mlangoni kwako ukamwambia huna mzigo. Labda ni goti? Labda paa? Mke wangu anakusalimia, anauliza kwa nini nazunguka zunguka chumbani. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Sindano


20 Juni

Sindano,

Marahaba. Goti halina hatia, na paa nimeliziba. Nilikuwa sijui niandike nini. Nimechana barua nne.

Umekosea mambo mawili. La sentimita nitalisema mwisho.

Ile manowari ya kijivu yenye mstari mwekundu niliiunda mimi. Iliyotangulia niliiunda mimi, na zile tano za kabla yake. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa kreni. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kreni. Ukimpa msasa anautoboa. Mimi ndiye niliyefanya kazi kwenye karakana ya meli, idara ya rangi. Humo nilijifunza kuangalia mwili wa meli na kujua utakaa vipi majini. Huku nyumbani nilikuwa nakata mbao kwenye meza ya jikoni, yeye akinishikia taa na kunisimulia habari za kazini. Zilikuwa jioni nzuri, sitaki ufikirie vingine.

Siku ya kwanza tulipoipeleka bwawani, meli aliibeba yeye kwa sababu ni nzito. Mtu akamwambia, "Bwana, una mikono." Akacheka. Hakukataa. Tulipokuwa tunarudi akaniambia ameona aibu kumkatiza yule mtu, atawaeleza wiki ijayo. Wiki ijayo ilichukua miaka kumi na tisa. Alikuwa anaendesha, mimi nakaa kwenye majani na taulo la kuifutia. Walimpa kikombe mara mbili. Mara zote mbili alinipa mimi nyumbani, akasema ni chako hiki. Nikakiweka kabatini. Nilimpenda. Hiyo si sababu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Baada ya mazishi walikuja wazee watatu wa chama chao. Wakaniomba zana za marehemu, zisije zikakaa kwa mtu asiyejua matumizi yake. Niliwapa msasa uliokwisha. Tangu siku hiyo sijatia meli majini.

Wewe ulipokuja nilifurahi ulivyoipenda. Nikakupa uishike, nikakupiga picha. Nilikuambia ushike kwa chini kwa sababu rangi ya mstari ilikuwa haijakauka sawasawa. Hukujiuliza imekuwaje rangi ya mtu aliyekufa miaka miwili iliyopita haijakauka.

Kwa hiyo siitumi. Si kwa hasira. Mwanamume wa pili hatasimama na meli yangu mbele ya watu, hata akiwa wewe.

La sentimita: nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, wakati huo nikiwa bado nimekununia. Usiipunguze. Upana ni rafiki wa anayeanza. Itakaa majini kama sufuria, haitalala hata ukiipulizia. Ongeza tu vipande vya madini ya risasi chini ya sakafu, kidogo kidogo, mpaka maji yafike kwenye mstari wa maji ulio kwenye ramani. Itakuwa na mwendo wa kizee. Hiyo ni yako.

Mkeo usipomwambia wewe, mimi simwambii. Lakini ujue wiki ijayo ina urefu gani.

Shangazi


1 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na sijui niweke neno gani baada yake. Niliisoma barua yako dukani. Mteja aliyekuja kuchukua koti akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nimeangalia ile picha mara elfu, nikijiangalia mimi, nywele zangu, tabasamu langu. Kidole changu cha gumba kina doa jekundu. Linaonekana kabisa. Fundi wa nguo mzima, mwenye jicho la kuona uzi uliotoka, sikuona rangi mbichi.

Niliibia mtu hai nikidhani naibia marehemu, na hata hiyo niliiona ni nafuu. Nisamehe.

Nimemwambia mke wangu. Niliondoka dukani mchana uleule, kwa sababu niliogopa nikilala nitaanza kuipanga vizuri. Nilimkuta anapuliza vumbi kwenye spika.

Nikasema, "Mke wangu, ile manowari kwenye picha si yangu."

"Uliiuza?"

"Sikuiunda. Aliiunda Shangazi. Mimi sijawahi kuunda kitu."

Akaweka spika chini. "Na hiyo iliyoko nyuma ya pazia?"

"Umejuaje iko nyuma ya pazia?"

"Wateja wako wanakuja kujaribia nguo hapa kwangu. Jibu."

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Ndiyo maana ni nene."

Nilitegemea atauliza habari ya uongo wa picha. Hakuuliza. Akasema, "Miezi minne nakuomba nikufungie nyaya. Miezi minne unaniambia unataka kunishtua. Ulikuwa unaficha nini?"

"Nilikuwa naficha kwamba sijui waya mwekundu unakwenda wapi."

"Mimi najua unakokwenda."

"Najua kwamba unajua."

"Mimi nilidhani hutaki mikono yangu kwenye vitu vyako," akasema. "Nilimwambia mama hivyo. Nililia kwa mama, wewe unajua?"

Sikujua. Shangazi, mimi ninayehesabu kope zake, sikujua.

Siku mbili tulizungumza kwa maneno ya lazima. Nilipewa "pisha," "mlango," "maji yamechemka," na "si hicho," jumla maneno sita, nayakumbuka yote kwa mpangilio. Kitanda chetu kinacholia kilikaa kimya, kila mmoja amejibana upande wake kama abiria. Nilishona suruali ya mtu miguu yote miwili ya kushoto.

Siku ya tatu akaja dukani na pasi yake ya kulehemu ameiviringisha kwenye taulo. Akapita bila salamu, akafunua pazia, akaiangalia boti yangu muda mrefu. "Hii ina tumbo," akasema. Nikamwambia ile habari ya nafasi ya mshono. Alijaribu kubaki amenuna. Jicho moja likaanza kufunga. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika, na mimi sikujua analia au anacheka mpaka aliposema, "Kumi na mbili zote?"

"Na sitaha."

Akaketi chini kabisa kwenye vipande vya kitambaa.

Amefunga nyaya. Mimi nilishika taa. Ametoa sharti moja: "Baba utamwambia mwenyewe, na si pale sebuleni. Utamwambia kule kule ulikotaka kusifiwa."

Mwombee mwanao.

Sindano


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu mzima, anakusalimia, ameketi hapa pembeni akisoma kila ninachoandika na kunisahihisha mambo ya umeme. Mama mkwe mzima. Baba mkwe nitafika kwake.

Jumapili tulifika bwawani mapema, mimi nimekumbatia kibonge changu kama mtoto wa kwenda kuchanjwa. Wazee walikuwa tisa, na meli zao zimepangwa kwenye nyasi, nyembamba, safi, zinang'aa. Mmoja ni mfamasia, akaiangalia yangu, akauliza kwa upole, "Hii ni ya mizigo?" Ndani ya kibanda nikaona picha. Kubwa kuliko nilivyodhani. Chini yake baba mkwe ameandika kwa ule mwandiko wake wa ramani: "Mkwe wangu na kazi yake."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilipofika zamu yangu nikasimama ukingoni, hotuba ikaondoka. Nikasema, "Wazee, shikamooni. Meli iliyoko kwenye picha si kazi yangu. Aliiunda shangazi yangu, pamoja na nyingine sita, na mumewe akasifiwa miaka kumi na tisa, na mimi nikaja kusifiwa baada yake. Niliwadanganya ili nioe. Yangu ni hii hapa."

Bata mmoja alipita. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Hakunishika mkono, alinikanyaga kidogo kisigino ili nisirudi nyuma.

Baba mkwe alikwenda kibandani. Nilidhani amekwenda kukaa. Akatoka na picha, akaiangalia kwa jicho moja jinsi wapima ardhi wanavyoangalia, mkono mmoja ameunyosha. Akasema, "Hii rangi ya mstari, mtu aliipaka kwa mkono mmoja bila kuinua brashi. Nimekuwa nikijiuliza wewe ulijifunzia wapi, na hata kikombe cha chai kinakutetemesha." Akaniuliza jina lako kamili, nikamtajia herufi kwa herufi. Akatoa kalamu, akakata maneno yake kwa mstari ulionyooka, akaandika jina lako, kisha: "ndiye aliyeiunda. Anayeishika ni mkwe wangu, fundi cherehani." Akairudisha ukutani, mahali palepale.

Na mimi hajanisemesha tangu hapo isipokuwa mambo ya upepo. Mke wangu anasema kwa baba yake hiyo ni nusu ya msamaha. Nusu nyingine nitaingoja.

Boti niliiingiza. Ilikaa, Shangazi. Ilikaa kama ulivyosema, kama sufuria. Upepo ukaja, ukailaza ya mfamasia chali, yangu ikatikisa kichwa tu. Kwenda ilikwenda, mwendo wa mtu aliyeshiba. Ila inakata kushoto peke yake. Mke wangu anataka nikuandikie kwamba nyaya zake ni sahihi na kwamba usukani niliubandika upogo mimi mwenyewe. Ni kweli. Ilizunguka mara kumi na moja mahali pamoja, ikagonga ya baba mkwe mara mbili, ikaletwa ukingoni kwa ufagio. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile na kitu kibaya namna ile.

Wazee wote wanauliza utakuja lini. Wanataka kuiona majini, na wewe ndiye wa kuiendesha. Njoo, Shangazi. Tutakupisha kitandani, kelele zake utazizoea.

Wako, safari hii bila cha kuficha,
Sindano


17 Agosti

Sindano,

Marahaba, na mkeo pia. Mwambie nimemwamini kuhusu nyaya. Paka mkorofi nimemwacha akae.

Kuja nitakuja, baada ya mvua, goti likiniruhusu. Ila kuna mahali nilitakiwa kupita kwanza.

Jumapili iliyopita niliishusha kabatini. Nilichaji betri, nikajaza grisi. Nikakodi mtu wa kunibebea mpaka bwawa la hapa kwetu, lile lile. Wale wazee watatu wamebaki wawili. Walinipisha kwenye majani, pale pangu pa siku zote. Sikuketi. Nikaiweka majini mwenyewe, nikashika rimoti, na mwanzoni meli ikaenda upogo kama yako. Kisha ikatulia. Nikaizungusha bwawa zima, nikaipitisha katikati ya maboya mawili, nikaisimamisha mbele ya miguu yao.

Mmoja akavua kofia. Akaniuliza, "Mama, marehemu aliiacha ikiwa imekamilika hivi hivi?"

Nikamwambia, "Marehemu aliacha viatu, miwani na redio. Meli ni yangu."

Akachuchumaa ukingoni, akaiangalia kwa nyuma. Halafu akaniuliza usukani niliufungaje.

Shangazi